Mkimbizi aliyekataa wagonjwa wa uti wa mgongo wafe: maisha ya Ludwig Guttmann

Wadau, nimekuwa kimya siku nyingi, mtanisamehe. Leo nimekuja na stori ndefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa hapo kafe, soma hii kwanza halafu mambo ya barua pepe yafuate.

Stori inamhusu mzee mmoja aliyefariki mwaka 1980, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Hakuwa rais wala mwanamuziki, lakini kazi yake mmeiona kwenye TV. Kila Olimpiki ikiisha, wiki chache baadaye inakuja michezo ya Paralimpiki, watu wanacheza kikapu kwenye viti vya magurudumu, wengine wanakimbia kwa miguu ya bandia. Aliyepanda mbegu hiyo ni daktari Ludwig Guttmann.

Ila mimi sikumfahamu kwa sababu ya michezo. Nilimfahamu kwa sababu ya mgongo wa kaka yangu.

KAKA NA MNAZI

Mwaka 2009 kaka alidondoka kutoka juu ya mnazi, kule kwetu Tanga. Kuangua nazi ndiyo ilikuwa kazi yake. Majirani wakambeba mikono na miguu kama gunia la mahindi mpaka kwenye pikapu. (Siku hizi najua lilikuwa kosa. Mtu aliyeumia mgongo analazwa kwenye ubao au hata mlango, kichwa, shingo na mgongo viwe mstari mmoja, ndipo anabebwa.)

Hospitali, na jina lake naliacha, wakatuambia uti wa mgongo umeumia vibaya, miguu haitafanya kazi tena. Basi. Baada ya hapo ni kama walimaliza kazi. Sisemi walikuwa watu wabaya, wodi nzima ilikuwa na nesi mmoja usiku. Lakini kaka alilala chali siku ya kwanza, chali siku ya pili, chali wiki nzima. Wiki ya tatu kidonda kikatokea chini ya kiuno, na kabla mwezi haujaisha kilikuwa kinaingia ngumi. Homa haikatiki, mkojo una usaha.

Ndugu wakaanza kuongea kwa sauti ya chini pale barazani. Wengine walishaanza kuulizana habari za michango. Mnaelewa michango ya nini. Na kaka alikuwa anasikia kila neno, maana kilichopooza ni miguu, sio masikio.

Siku moja akaja bwana mmoja yuko kwenye kiti cha magurudumu, ametumwa na chama cha watu wenye ulemavu. Hakuleta pesa, alileta maelekezo. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, bila kukosa. Muwekeeni mito magotini na visiginoni. Mkagueni ngozi kila siku. Anywe maji ya kutosha, na mpira wa mkojo ushikwe kwa usafi. Halafu akamgeukia kaka akamuuliza akipona atafanya kazi gani. Sisi wote tukatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kusema neno KAZI mbele ya kaka tangu adondoke.

Mama akaweka kengele kwenye simu yake ya tochi. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, usiku kucha. Tukamgeuza kwa zamu miezi na miezi mpaka kidonda kikafunga.

Miaka ikapita. Siku moja niko kafe, nimebakiwa na dakika kama kumi, nikajiuliza: hivi hii sheria ya saa mbili aliipigania nani? Nikatafuta. Dakika kumi hazikutosha, nikaongeza saa nzima.

MCHIMBA MAKAA YA MAWE

Ludwig Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, sehemu ya Silesia iliyokuwa ya Ujerumani na leo iko Poland. Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi. Alikulia Königshütte, mji wa migodi ya makaa ya mawe.

Mwaka 1917, wakati Vita ya Kwanza ya Dunia inaendelea, kijana Ludwig alikuwa anajitolea kwenye hospitali ya majeruhi ya mji huo. Akaletwa mchimba makaa, mtu wa miraba minne, mgongo umevunjika. Wakamfunga plasta gumu, lile tunaloita hogo, wakamweka nyuma ya pazia mbali na wengine. Kijana akaambiwa asijisumbue kuandika mengi kwenye faili maana huyu hana muda. Na kweli, wiki kama tano baadaye alifariki. Kilichomuua sio ule mfupa uliovunjika, ni vidonda na mkojo uliooza.

Mimi niliposoma hapo nilisimama kwanza. Mchimba makaa wa mwaka 1917 na kaka yangu wa 2009, wamepishana miaka 92, na kidonda ni kile kile.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali dunia nzima wakati ule. Katika vita hiyo inakadiriwa askari wanane kati ya kumi waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo walifariki, wengi wao mapema sana. Madaktari walishazoea. Kazi yao ilikuwa kupunguza maumivu na kusubiri.

USIKU WA NOVEMBA 1938

Guttmann akasomea udaktari, akahitimu Freiburg mwaka 1924, kisha akafanya kazi Breslau (leo Wrocław, Poland) chini ya Otfrid Foerster, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mishipa ya fahamu wa zama hizo. Alikuwa anapanda ngazi haraka. Halafu mwaka 1933 Wanazi wakashika madaraka, na madaktari wa Kiyahudi wakafukuzwa kwenye hospitali za umma. Bingwa mzima akawa hana ruhusa ya kumtibu Mjerumani asiye Myahudi. Akahamia Hospitali ya Kiyahudi ya Breslau, na mwaka 1937 akawa mkuu wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa Ujerumani nzima, maduka ya Wayahudi yakavunjwa, wanaume wakakamatwa kwa maelfu kupelekwa kambi za mateso. Guttmann akatoa amri moja kwa wafanyakazi wake: mwanaume yeyote atakayegonga mlango usiku huu alazwe, bila kuuliza maswali. Wakalazwa 64.

Asubuhi polisi wa siri wakafika kuuliza mbona wagonjwa wameongezeka ghafla hivyo. Mzee akatembea nao kitanda kwa kitanda, kila mtu akampa ugonjwa wake hapo hapo. Huyu kiharusi, yule kifafa, huyu anasubiri upasuaji. Kati ya wale 64, watu 60 walinusurika siku hiyo.

Jamani, hebu fikiria. Ana mke, ana watoto wawili wadogo, na anadanganya mbele ya watu ambao wangeweza kumchukua yeye mwenyewe.

SHIRIKA LILILOMPOKEA

Sasa hapa ndipo mashirika ya misaada yanapoingia, na ningependa mpasome taratibu.

Uingereza kulikuwa na shirika lililoanzishwa mwaka 1933 na wasomi wa huko ili kuwaokoa wasomi wenzao waliofukuzwa kazi na Wanazi. Walichangishana wao kwa wao. Shirika hilo lipo mpaka leo, linaitwa Cara. Mwishoni mwa 1938 Wanazi walimtuma Guttmann Ureno kumtibu rafiki wa mtawala wa huko, Salazar. Wakati wa kurudi akapitia London, na shirika likampa nafasi ya kuhamia Uingereza. Machi 1939 akafika Oxford na mke wake Else na watoto wao. Shirika likawapa pauni 250 za kuanzia maisha.

Pauni 250! Kuna watu leo wanaona mkimbizi ni mzigo tu, mdomo wa kulisha. Shirika halikujua linamwokoa nani. Waliona mtu ana shida na ana akili, wakafungua mlango. Endelea kusoma uone faida waliyopata.

STOKE MANDEVILLE

Miaka ya mwanzo Oxford alikuwa kwenye utafiti tu, wakati moyo wake uko wodini. Mwaka 1943 serikali ya Uingereza ilijua mashambulizi makubwa ya Ulaya yanakuja, na askari wengi watarudi migongo imevunjika. Wakamwomba aanzishe kituo maalumu. Madaktari wengi hawakuitaka kazi hiyo, waliona ni ya kuangalia watu wakifa. Yeye akakubali kwa sharti moja: afanye anavyojua mwenyewe, asiingiliwe. Kituo kikafunguliwa tarehe 1 Februari 1944 kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata yale mahogo. Plasta lilikuwa linaongeza vidonda badala ya kusaidia. Akaweka mito. Kisha ikaja sheria: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Na hakuishia kutoa amri. Alikuwa anaibuka wodini usiku wa manane kukagua kama kweli wamegeuzwa. Kazi ya kutoa mkojo kwa mpira aliitaka ifanywe kwa usafi wa chumba cha upasuaji, na madaktari waifanye wenyewe.

Tuwe wakweli, hakuwa wa kwanza kabisa. Kule Boston, Marekani, daktari Donald Munro alikuwa ameshaonyesha tangu miaka ya 1930 kwamba wagonjwa hawa wanaweza kuishi. Lakini Guttmann ndiye aliyeunganisha kila kitu sehemu moja, kuanzia ngozi na kibofu mpaka mazoezi, kazi na kurudi nyumbani, akakifanya kuwa utaratibu ambao madaktari wa nchi nyingi walikuja kujifunza.

Angalieni, hakuna dawa ya ajabu hapo wala mashine. Ni mito, maji, sabuni, saa ya ukutani na mtu asiyechoka. Hata leo uti wa mgongo uliokatika hauungwi ukarudi kama zamani. Alichobadilisha ni kilichokuwa kinawaua wagonjwa BAADA ya kuumia.

Halafu alikuwa mkali, msifikiri alikuwa malaika. Manesi walimwogopa, madaktari wenzake aligombana nao, na mgonjwa aliyetaka kulala na kujihurumia hakuachiwa nafasi. Lakini wagonjwa hao hao walimwita Poppa, yaani baba.

KUTOKA KITANDANI MPAKA UPINDE

Kumfanya mtu asife ilikuwa hatua ya kwanza tu. Swali lake lilikuwa lile lile la bwana wa kiti cha magurudumu pale kwetu: sasa utafanya nini? Guttmann alitaka wagonjwa wake warudi kuwa watu wanaofanya kazi na kulipa kodi kama wengine. Hospitali ikawa na karakana za useremala na kutengeneza saa, na watu wakajifunza kupiga taipu. Mtu anaamka asubuhi ana ratiba.

Michezo iliingia humo humo kama sehemu ya matibabu. Mwanzoni walicheza polo kwenye viti, wanapiga kwa fimbo za kutembelea, mpaka ikaonekana wanaumizana wakahamia mchezo wa kikapu. Upinde na mishale ulipendwa zaidi. Unajenga mabega na mgongo wa juu, yaani sehemu ile ile inayomwezesha mtu kujiinua kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Na aliyekaa anaweza kushindana na aliyesimama bila kupewa nafuu yoyote.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London inafunguliwa, kwenye uwanja wa majani wa hospitali walishindana wanajeshi wa zamani 16 waliopooza, wanaume 14 na wanawake 2. Mchezo ulikuwa mmoja tu, upinde. Siku hiyo pia lilikabidhiwa basi lililotengenezwa maalumu kuwabeba wagonjwa hao, zawadi ya chama cha maveterani wa Uingereza pamoja na shirika la usafiri la London. Mimi basi lile naliona kubwa kuliko vikombe, maana mtu hawezi kurudi kwenye jamii kama hana cha kumtoa getini.

Mwaka 1952 wakaja maveterani wa Uholanzi, ikawa michezo ya kimataifa. Mwaka 1960 wakaenda Roma baada ya Olimpiki, wanamichezo 400 kutoka nchi 23. Na mnajua nini? Nyumba walizopangiwa zilikuwa na ngazi! Ikabidi wanajeshi wa Italia wawabebe juu chini na viti vyao. Mabingwa wa dunia wanabebwa ngazini. Lakini walicheza.

Mwaka 1972 michezo ilifanyika Heidelberg, Ujerumani. Fikiria mzee huyu, aliyetoroka nchi hiyo na roho yake mkononi, anarudi akiwa rais wa michezo. Kwa sisi wa huku mwaka huo una maana nyingine pia: Kenya na Uganda zilishiriki kwa mara ya kwanza. Kuanzia Toronto 1976 waliruhusiwa pia wasioona na waliokatwa viungo. Ndiyo njia aliyopitia Mkenya Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 na kushinda dhahabu ya mita 5,000 kule Sydney mwaka 2000.

PESA ZILITOKA WAPI

Hospitali ilikuwa ya serikali, ndiyo. Lakini michezo, mabasi, safari na uwanja vilitegemea sana michango. Guttmann alikuwa omba omba wa hali ya juu, akikukamata huchomoki. Mwaka 1961 alianzisha chama cha michezo cha watu wenye ulemavu Uingereza, na mwaka 1969 ukafunguliwa uwanja mzima pale Stoke Mandeville, kwa sababu alichoka kuona wanamichezo wake hawana pa kufanyia mazoezi. Uwanja huo bado upo, na shirika la hisani la WheelPower linaendeleza kazi hapo.

Ila aliomba tofauti na tulivyozoea. Huku kwetu mara nyingi mlemavu anawekwa mbele ya kamera, mtoa msaada anapiga naye picha, anaachiwa mfuko wa mchele, watu wanaondoka. Guttmann hakuomba pesa za kumhurumia mtu, aliomba za kumpa mtu kitu cha kufanya.

Alipewa heshima ya Sir mwaka 1966. Alifariki tarehe 18 Machi 1980 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 80. London 2012 walishiriki wanamichezo zaidi ya 4,200 kutoka nchi 164. Na Agosti 2024 mwenge wa Paralimpiki ya Paris uliwashwa wapi? Stoke Mandeville, pale pale walipoanza watu 16.

KAKA LEO

Kaka yangu yupo hai. Ana kibanda cha kutengeneza simu na redio, kodi ya pango analipa mwenyewe, na mimi ananidai elfu ishirini ya kioo. Kiti chake cha kwanza alipewa na shirika moja la misaada, cha pili kanunua. Mpaka leo usiku anajigeuza mwenyewe, na kila asubuhi anajikagua ngozi kwa kioo kidogo.

Kilichobaki kumsumbua sio mgongo, ni ngazi. Ofisi anayokwenda kulipia leseni iko ghorofa ya kwanza, hakuna lifti. Anabebwa. Kama Roma 1960.

Basi wadau, mimi sina la kuwafundisha zaidi. Ila kama kwenu kuna mtu kalala na hawezi kujigeuza, wekeni kengele ya simu leo hii. Kila baada ya saa mbili. Mkikuta ngozi imebadilika rangi na hairudi, msimlalishe upande huo, mpelekeni akaonwe mapema. Na kama mtaani kwenu kuna chama cha watu wenye ulemavu, msisubiri wawafuate, waiteni. Yule bwana aliyekuja kwetu, bila yeye leo ningekuwa nawaandikia habari za marehemu.

Naona dakika zangu zinaisha hapa. Kama una ndugu aliyepitia haya, tuambie hapo chini alisaidiwa na nini, maana kuna mtu atasoma akiwa na mgonjwa nyumbani. Nitajibu nikipata nafasi ya kurudi kafe.